Maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu mela ya Ramdevra (kwa Baba Ramdev, au Ramsa Pir)

Nilisoma Rajasthan miaka minne, na mwaka wa tatu nikaenda Ramdevra kwa miguu kutokea Phalodi. Tangu siku iyo kila nikikaa na watu nyumbani Tanga lazima mtu aulize, alafu akija mwingine naye anauliza lile lile, kwaiyo nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Kama una haraka na tarehe na usafiri shuka chini, ila nakuomba usome kwanza ile ya mabakuli (kwenye swali la Wahindu au Waislamu), maana bila iyo utafika pale uone umati na vumbi tu.

Ramdevra ni wapi?

India, jimbo la Rajasthan, wilaya ya Jaisalmer, ndani ya jangwa la Thar, kama kilomita 12 kaskazini ya Pokhran. Ndio, Pokhran ile ile India walikojaribia mabomu ya nyuklia mwaka 1974 na 1998. Wenyeji wengi wanapaita Runicha, Wagujarati wanasema Ranuja, ukisikia majina matatu usichanganyikiwe, ni kijiji kimoja. Siku za kawaida ni kijiji cha kimya chenye njia ya maduka inayoelekea kaburi la Baba Ramdev. Siku za mela watu wanahesabiwa kwa malaki, na neno laki lenyewe sisi tumelichukua huko huko kwao.

Mela ni mkusanyiko wa kidini unaokuja na gulio lake, yani ziara, soko, ngoma na chakula vyote kwa pamoja.

Baba Ramdev si yule wa yoga kwenye tivii?

Hapana. Yule ni mtu wa leo, yuko hai. Huyu wa Ramdevra kwa mapokeo aliishi 1352 mpaka 1385, wamefanana jina tu.

Basi huyu ni nani?

Alikuwa Rajput, tabaka la wapiganaji na watawala, wa ukoo wa Tanwar, mtoto wa mtawala mdogo aliyeitwa Ajmal na mkewe Mainade. Hadithi inasema Ajmal alikosa mtoto wa kiume, watu wakawa wanamuona mkosi, mpaka wakulima wakikutana naye asubuhi wakielekea shamba wanageuza kurudi nyumbani. Akasafiri mpaka Dwarka, hekalu la Krishna kule pwani ya Gujarat, akaomba weee hakuna jibu, kwa uchungu akairushia sanamu ladu. Ladu hizi hizi unazozijua wewe, tamu ya duara. Alafu akajitupa baharini, na huko ndani ya maji Krishna akamuahidi kwamba atakuja mwenyewe kuzaliwa kwake. Ndio maana Wahindu wanaamini Ramdev ni Krishna aliyerudi kwa umbo lingine. (Nikisema Wahindu namaanisha wa dini ya Kihindu, sio kila Mhindi, kwetu tunavichanganya sana hivi vitu.)

Alipokua anasifika kwa kuwasaidia watu wa chini na kukaa nao, kitu ambacho mtoto wa mtawala zama zile hakutarajiwa kukifanya. Wanasimulia pia alimshinda zimwi mmoja aliyeitwa Bhairav aliyefanya Pokhran pasikalike, kisha Pokhran yenyewe akaitoa zawadi kwenye harusi ya binti wa kaka yake, akahamia mbele kidogo na kuanzisha Ramdevra. Alioa Netalde wa Amarkot, mji ambao leo uko Pakistani na unaitwa Umerkot.

Akiwa na miaka 33 hivi aliingia kaburini mwenyewe akiwa hai, katika tafakuri, wao wanaita samadhi. Kaburi ndilo linaloendewa mpaka leo. Jengo la hekalu unaloliona juu yake lilijengwa na Maharaja Ganga Singh wa Bikaner mwaka 1931, kwaiyo jengo ni la juzi, mahali ni pa zamani.

Ni wa Wahindu au wa Waislamu?

Hili ndio swali ninalolipenda kuliko yote na siwezi kulijibu bila kusimulia.

Habari za miujiza yake zilienea mpaka zikafika Makka, mapiri watano wakafunga safari kuja kumpima. Piri ni walii, mtu wa Mungu, wa aina ambayo kwetu kaburi lake lingefanyiwa ziara. Wakamkuta jangwani. Akawakaribisha, akatandika mkeka, akawaambia kaeni tule. Wakakaa lakini wakasema samahani, sisi hatuli kwenye vyombo vya watu, kila mmoja wetu anakula kwenye bakuli lake na mabakuli tumeyaacha Makka. Ramdev akanyoosha mkono, na mabakuli matano yakaja yakipaa kutoka Makka yakatua mbele yao, kila mmoja akalitambua la kwake. Hapo ndipo wakamwambia sisi ni mapiri, wewe ni piri wa mapiri. Kuanzia hapo Waislamu wakamjua kama Ramsa Pir, na Wahindu wenyewe wengi wanamwita Rama Pir bila kuona tatizo lolote.

Sasa nimeisikia hadithi hii kwa watu wengi, na wengi wanaisimulia kama hadithi ya kushinda, kwamba wageni walikuja kumpima na yeye akawazidi. Mi siioni hivyo. Angalia alichofanya. Hakuwaambia acheni mambo yenu ya vyombo, wala hakuwaambia nyie wageni mtakula kwenye vyombo vyangu au mlale na njaa, na vilevile hakuwatengea pembeni wakale peke yao. Aliwaletea mabakuli yao, wakala kwenye mkeka wake. Mkeka mmoja, kila mtu na bakuli lake. Hiyo ndio Ramdevra yenyewe, ukiielewa hapo mengine yote utayaelewa.

Kwaiyo jibu: Wahindu wanaenda kwa Krishna aliyerudi, Waislamu wanaenda kwa piri, wanasimama kwenye foleni moja. Ila tuseme ukweli, wengi wa wanaokuja ni Wahindu, tena kwa mbali. Usitegemee kukuta nusu kwa nusu.

Hiyo ni hadithi tu ya kale, au bado inaonekana kwa watu?

Nikueleze kilichonipata mimi. Mimi ni Muislamu, na mama aliponisindikiza kwenda masomoni alinipa bakuli la stili lenye mfuniko, akaniambia usile ovyo ovyo vyombo vya watu. Nilikuwa nalo begi la mgongoni safari nzima. Tulitembea kundi la watu kama thelathini, wao wanaita sangh, mimi nikiwa nimealikwa na mwanafunzi mwenzangu ambaye kijiji chao ni karibu na Phalodi. Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja mwembamba ana kilemba cha rangi ya zafarani, wote wakimwita Kaka, mi nikadhani kaka kama tunavyosema sisi, kumbe kwao kaka ni baba mdogo.

Usiku wa kwanza tukafika kwenye banda la chakula cha bure, watu wanakaa chini kwa mistari, kijana anapita na ndoo anagawa dengu kwenye sahani za majani. Mi nikasita. Sio kwamba niliogopa nyama, hakuna nyama kabisa pale, nilisita tu kwa mazoea, mkono ukaenda wenyewe kwenye begi nikatoa bakuli la mama. Nikaona aibu, nikadhani nimewatukana. Kaka akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi, kisha akawageukia wengine akapaza sauti, "Makka! Makka!" na mstari mzima ukacheka kwa furaha, kijana wa ndoo akanijazia mpaka likamwagika. Kuanzia banda lile mpaka Ramdevra kila tulipokaa kula Kaka ananiuliza kwanza, bakuli limeshafika?

Bakuli lile bado ninalo, limebonyea upande mmoja kwa kuanguka relini Pokhran.

Dali Bai ni nani, mbona jina lake liko kila mahali pale?

Huyu usimpite. Dali Bai alikuwa wa jamii ya Meghwal, watu waliokuwa wakihesabiwa hawagusiki, kazi za ngozi na za mizoga ndio waliachiwa wao. Inasemekana Ramdev alimuokota akiwa kichanga chini ya mti, na "dali" maana yake tawi. Akamlea kama dada yake. Mti wenyewe wa kwenye hadithi ni jaal, ambao ni ndugu na mswaki wetu huu huu wa kusugulia meno, ukiuona tu majani yake utajua.

Siku Ramdev alipotangaza anaingia kaburini, kaburi likachimbwa, Dali Bai akaja mbio akasema hili si lako, ni langu mimi. Wakamuuliza utathibitishaje, akasema chimbeni zaidi, mkikuta kitana na uzi wa nywele na vitu vya mwanamke ni langu. Wakachimba wakavikuta. Akaingia yeye kwanza, Ramdev akafuata baadae. Kaburi lake liko pale pale ndani ya uwanja wa hekalu, karibu na la kaka yake.

Kuna pia duara la jiwe wanaloliita bangili ya Dali Bai, watu wanajipenyeza katikati yake kwa imani kwamba magonjwa yanabaki upande wa pili. Nilimuona mama mmoja mnene kidogo akakwama mabegani, wanawake wawili asiowajua wakamshika mikono wakamvuta taratibu mpaka akatoka, akakaa chini akalia kwa nguvu, wale wawili wakakaa naye hawakuondoka mpaka alipomaliza. Sikuelewa alilia nini na sikuuliza.

Wameghwal ni sehemu kubwa sana ya wanaotembea kwenda pale. Kwao huyu ni mtawala aliyekula nao na kumuita binti yao dada, kaburi la binti yao liko sambamba na la kwake. Mtu akikwambia Ramdevra ni habari ya Wahindu na Waislamu tu, mwambie amesahau nusu.

Kwa nini kila mtu amebeba farasi wa kitambaa?

Utotoni Ramdev aliomba farasi wa kuchezea. Ajmal akampa fundi kitambaa kizuri amshonee, fundi akaiba kitambaa kingi, ndani akajazia matambara machakavu. Mtoto alipompanda, farasi akaruka naye angani. Fundi akafungwa mpaka akakiri. Kutoka hapo farasi ndio alama yake, kwenye picha zote yuko juu ya farasi na mkuki wenye bendera, wengine wanamchora buluu, wengine mweupe.

Aliyeweka nadhiri na ikakubaliwa anapeleka farasi wa kitambaa. Kuna wadogo wa kukaa kiganjani na kuna wakubwa wanabebwa na watu wawili begani, wameshonewa vioo na utepe wa dhahabu. Njiani jua linapopiga vile vioo unaona cheche barabara nzima.

Mela inaanguka lini?

Inafuata mwezi, kama ilivyo kwa mfungo. Inaanza siku ya pili ya nusu angavu, yani mwezi unapokua, ya mwezi wa Bhadrapada wa kalenda ya Kihindu, siku wanayoiita Beej ambayo ndio kuzaliwa kwake, mpaka siku ya kumi na moja alipoingia kaburini. Kwa kalenda yetu ni Agosti au Septemba. Mwaka 2024 Beej ilikuwa 5 Septemba, 2025 ilikuwa 25 Agosti. Ila watembeaji wanaanza kujaa wiki kadhaa kabla, ukienda siku tano kabla ya Beej tayari barabara zimejaa. Kuna mela nyingine ndogo mwezi wa Magha, Januari au Februari, baridi ipo na watu wachache, kama una wazee nakushauri hiyo.

Nafikaje?

Ndege mpaka Delhi au Mumbai, kisha treni au ndege ndogo mpaka Jodhpur. Kutoka Jodhpur panda treni ya kwenda Jaisalmer, Ramdevra ina stesheni yake kabisa baada ya Phalodi kabla ya Pokhran, ni masaa kama manne. Msimu wa mela reli wanaongeza treni lakini zinajaa, kata tiketi mapema sana. Mabasi yapo mengi tu.

Viza Mtanzania na Mkenya wanaomba mtandaoni. Wanaotoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wataulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usiisahau nyumbani. Alafu jambo moja la muhimu, eneo lile liko karibu na mpaka wa Pakistani na lina uwanja wa jeshi wa kufanyia mazoezi ya mizinga, usitoke barabarani ukaingia porini kwa sababu umeona tuta la mchanga zuri.

Watu wengi Jodhpur wanapitia kwanza kilima cha Masuria kwenye hekalu la Balinath, mwalimu wake Ramdev. Unamsalimia mwalimu kabla ya mwanafunzi. Mi nimeipenda hiyo adabu.

Nitembee kwa miguu au nipande basi?

Kama miguu inakuruhusu tembea, hata kipande tu. Kutoka Jodhpur ni kama kilomita 180, watu wanachukua karibu wiki. Sisi kutoka Phalodi kama kilomita 50 tulilala njiani usiku mbili. Phalodi ndio ule mji uliopima nyuzi 51 mwezi Mei 2016, ila mela inakuja baada ya mvua, joto lipo lakini sio lile la kuua. Tembea saa kumi alfajiri mpaka saa nne asubuhi, lala kivulini, endelea jioni. Pokhran mpaka Ramdevra kilomita 12 tu, hata mtu asiye na mazoezi anaweza.

Kuna wanaokwenda kwa kujilaza kifudifudi, wanasimama, wanapiga hatua mpaka mkono ulipoishia, wanajilaza tena, kilomita kwa kilomita. Usiwapige picha usoni.

Hatari kubwa sio jua, ni magari. Barabara ni nyembamba, malori yanakwenda kasi, watu wanatembea usiku na nguo nyeusi, kila mwaka kuna ajali. Vaa kitu cheupe, shona kitambaa cha kung'aa begini, tembea ukitazama magari yanayokuja. Na viatu uwe umeshavizoea, mi nilivaa vipya nikawa na malengelenge siku ya kwanza, Kaka ndiye aliyenitoboa kwa sindano na uzi akaacha uzi ndani ili maji yatoke, sijui madaktari wanasemaje lakini nilifika.

Chakula na maji je?

Njaa hutaijua. Njia nzima kuna mabanda ya watu waliojitolea, wanapika dengu, mboga, chapati, chai ya maziwa saa zote, na hawataki hela hata ukiwalazimisha. Vijana wanaweza kukukalisha wakakukanda miguu kwa mafuta, mtu usiyemjua anakukanda miguu yenye vumbi na anakushukuru wewe. Hii ilinishinda kuizoea. Maji kunywa ya chupa au yaliyochemshwa, beba chumvi za kuongezea maji mwilini.

Vyoo ni shida, niseme wazi. Dada zangu mjipange, tembeeni na kundi lenye wanawake wenzenu, wanajua pa kwenda na wanalindana. Na malazi ya kijijini bei zinapanda mara tatu nne, nyumba moja ya wageni tuliyolipia kabla walikataa mbele ya uso wetu kwamba tumelipa, tukalala uwanjani na wenzetu, na tulilala vizuri.

Ndani kukoje? Nifanye nini nikifika?

Foleni ndefu, masaa, kwenye vizuizi vya chuma, na watu wanapiga kelele za Jai Baba ri, yani sifa kwa Baba. Viatu unaacha nje. Watu wameshika nazi, sukari ya mawe, maua, bendera, farasi. Nazi zile zimesafiri mbali mno kuja jangwani, mtoto wa pwani kama mimi nilipoona rundo la nazi kubwa kama nyumba katikati ya mchanga nilisimama tu.

Ukifika mbele una sekunde chache. Kaburi limefunikwa shuka na maua, moshi wa ubani umejaa. Kwa mtu aliyewahi kufanya ziara ya kaburi la walii kwetu hapaonekani pageni, na kwa Mhindu hekalu ni hekalu. Muhudumu anapokea ulichobeba, anakurudishia kidogo, unasukumwa mbele.

Baada ya hapo nenda Ramsarovar, bwawa lililo nyuma ambalo inasemekana alilichimbisha mwenyewe, na Parcha Bavdi, kisima cha kushuka kwa ngazi. Parcha ni muujiza. Kisima hicho wanasema kilijengwa na mfanyabiashara aliyeitwa Boita, jahazi lake lilikamatwa na dhoruba baharini akamuita Ramdev, na Ramdev akiwa huku mchangani akaliokoa. Mi nimekulia na watu wa majahazi. Kuwaza baharia anazama mbali huko na anayemuita ni mtu wa jangwani asiye hata na mto, nilikaa kwenye zile ngazi muda mrefu.

Usiku kuna nini?

Usilale! Usiku ndio kuna mkesha wa nyimbo, wanaita jamma au jagran, mpaka alfajiri. Na kuna terahtali, ngoma ya wanawake wa jamii ya Kamad, wanakaa chini, matoazi madogo ya shaba kumi na matatu yamefungwa mguuni na mkononi, mengine wameyashika kwa kamba wanayarusha yagonge yaliyofungwa. Mama mmoja alikuwa na upanga mdomoni na chungu kichwani, mikono inakwenda kwa kasi mpaka huioni, unasikia tu mlio, na uso wake umetulia kabisa kama mtu anayechambua mchele. Waume zao wanapiga ala na kuimba.

Kama una bahati utawasikia Manganiyar pia, wanamuziki Waislamu wa upande wa Jaisalmer ambao kwa vizazi wanaimbia familia za Kihindu kwenye harusi na watoto wao wanapozaliwa.

Mimi ni Muislamu au Mkristo, nitaruhusiwa? Si itakuwa dhambi?

Kuruhusiwa utaruhusiwa, hakuna aliyeniuliza dini yangu mlangoni. Swali la dhambi muulize shehe wako au padri wako, mi siwezi kukubebea. Ninachoweza kukwambia ni nilivyofanya mimi: sikusujudu, nilisimama nikasoma Fatiha kimoyomoyo kama ninavyosoma kaburini kwa babu, nikapita. Njiani niliswali pembeni ya lori la chakula, na mara ya pili tu vijana walikuwa wanapunguza spika wenyewe wakiniona natandika. Mtu asiyetaka kuingia ndani anaweza kwenda akakaa nje na wasafiri, hakuna atakayemlazimisha.

Ni kweli kila kitu pale ni amani?

Hapana, na nisingependa udanganyike. Wapo wanaosema sasa hivi kwamba neno piri lifutwe, huyu ni wa Wahindu basi. Na wapo Waislamu wanaoona kwenda kaburi lile ni ushirikina. Hata kwenye ubaguzi wa tabaka, mtu anakula mstari mmoja na Mmeghwal njiani alafu akirudi kijijini hamkaribishi jikoni kwake, mwenzangu aliyenialika ndiye aliyeniambia hivyo, kwa uchungu, maana yeye mwenyewe ni Mmeghwal. Nikamuuliza sasa mbona unatembea kila mwaka? Akasema kwa sababu siku hizi kumi ni za kwetu.

Mpaka wa 1947 nao ulikata watu wake. Upande wa Sindh, Pakistani, Wahindu wa kule wana mela yao ya Rama Pir mjini Tando Allahyar kila mwaka, maelfu wanatembea na bendera vilevile. Wengi wao hawajawahi kuliona kaburi.

Ina uhusiano wowote na sisi Afrika Mashariki?

Upo, sio wa kulazimisha. Wahindi wengi wa Zanzibar, Tanga, Mombasa na Dar asili yao ni Kachi na Kathiawar, na huko Rama Pir anaheshimika sana. Alafu kuna mtafiti Dominique-Sila Khan aliyechunguza miaka ya 1990 akasema ibada ya Ramdev ina alama za mahubiri ya zamani ya Waismaili, wale mapiri waliotembea India wakifundisha kwa nyimbo na kwa lugha za wenyeji. Si wote wanaokubaliana naye. Ila Makhoja wa Aga Khan, majirani zetu kwa miaka yote hii, imani yao ililetwa na mapiri wa aina hiyo hiyo kama Pir Sadruddin, na mpaka leo wana ginan zao, yani nyimbo zao za dini. Mimi niliposoma hilo nikakumbuka nilivyokuwa nacheza utotoni kwenye baraza ya duka la Khoja na sikuwahi kuuliza neno piri limetoka wapi.

Naweza kupiga picha?

Nje sawa, kaburini hapana. Watu waombe kwanza, wengi watakubali na watataka na wewe uwe kwenye picha, Mwafrika pale ni mgeni adimu. Mi nilipigwa picha na familia nzima nzima, na watoto wakaniuliza kama Makka ni karibu na kwetu. Nikawaambia ni ng'ambo ya bahari tu.

Nilete zawadi gani?

Farasi mdogo wa kitambaa, ni hela ndogo na hachukui nafasi begini. Mimi nilimletea mama mmoja mweupe mwenye utepe wa kijani. Akaniuliza huyu anatoka wapi nikamsimulia yote, fundi mwizi, mapiri watano, mpaka lile bakuli lake. Farasi yuko kabatini, amemuweka ndani ya bakuli.